Mkono Una Mbele na Nyuma

Muheza,
Jumapili jioni

Mwanangu Rehema,

Huku hatujambo. Goti la baba yako linamsumbua kama kila masika, bibi yako wiki hii amekula vizuri, na machungwa yameanza kuiva. Mengine utayakuta ukija.

Ninaandika kwa sababu ya neno nililolisikia kwa mama Saidi, aliyekuja kuchukua machungwa Alhamisi. Anasema umeweka rehani ile mashine yako ya ovaloki, umechukua mkopo wa kausha damu, na umemwambia mwenye fremu unayoshonea kwamba mwisho wa mwezi unarudisha ufunguo. Yote hayo, anasema, ununue kamera na taa za kurekodia masomo ya ushonaji, uyauze mtandaoni. Sikumjibu kitu. Nilimfungia machungwa yake akaenda. Usiku ule usingizi haukuja. Nikaona nisikupigie, maana kwenye simu unasema "ndiyo shangazi" kabla sijamaliza.

Sikukatazi, mwanangu. Kufundisha kwa video ni kazi, tena kazi njema. Wako wasichana Tunduma na Kigoma wenye cherehani ndani na hawana wa kuwaonyesha hata namna ya kukata shingo ikakaa. Na mkono wako ni mzuri. Nimeufundisha mwenyewe na ninaujua. Ninachouliza ni kimoja: mwanafunzi wako wa kwanza ni nani? Nitajie jina lake na anakoishi. Kama jina hilo hunalo, ovaloki imekwenda rehani kwa ajili ya nani?

Hamisi mjukuu wangu alinionyesha ile video yako ya majaribio, ya kukata gauni la kitenge. Dakika 42. Nimeitazama yote, mara mbili, na bando lake likaisha, ikabidi nimpe hela ya lingine. Mwanzo umependeza. Vipimo umevieleza vizuri, kifua, kiuno, nyonga, na chaki inaonekana. Ulipofika kwenye mkono, kiganja chako kikafunika mkasi, ukasema, "Hapa unachimba kidogo, kama hivi." Hamisi akaniuliza, "Bibi, hapa wapi?" Mtoto wa miaka 13. Sikuweza kumjibu, kwa sababu hata mimi sikuona. Na nikakumbuka jambo ambalo sijawahi kukusimulia lote.

Mwaka 1981 nilikuwa na miaka 22. Hela ya shule nyumbani kwetu ilikwenda kwa baba yako. Simlaumu, alisoma na ametusaidia, ila mpaka leo hakuna aliyeniuliza mimi nilitaka nini. Nilitaka kuwa fundi. Nikauza maandazi stendi miezi 7, nikapata ada ya chuo kimoja cha masomo kwa posta. Jina lake siliandiki. Masomo 12, yanakuja kwenye bahasha ya kaki, kila moja na michoro yake. La kwanza nikalimaliza kwa siku mbili. La pili sketi, nikashona, mama akaivaa sikukuu. La nne likaja la mkono wa gauni.

Mchoro ulikuwa mzuri sana. Mstari umepanda na kushuka kama kilima, na chini yake wameandika: kata kama inavyoonekana. Nikakata kama inavyoonekana. Sasa wewe unajua, maana unakata kila siku: mkono una mbele na nyuma. Mbele huchimbwa zaidi kwenye kwapa, nyuma huachwa imejaa kidogo ili mtu akinyoosha mkono gauni lisimbane mgongoni. Mchoro haukusema upande upi ni upi. Haukusema pia kwamba mkono wa pili ugeuzwe. Nikapata mikono miwili ya kushoto.

Kumbuka kitambaa wakati ule kilikuwaje. Vita vya Kagera vilikuwa vimetoka kuisha, na duka la ushirika likipata jora watu wanapanga foleni tangu alfajiri, na ukifika dirishani unaweza kuambiwa limekwisha. Ile mikono ilikula kitambaa nilichokipangia foleni siku mbili. Nikaandika barua chuoni. Swali langu lilikuwa mstari mmoja: upande wa mbele ni upi? Baada ya wiki 6 likaja somo la tano, la kola. Jibu halikuja. Nikaandika tena. Likaja la sita, pamoja na karatasi ya kunikumbusha salio la ada. Nikaandika mara ya tatu, nikaweka na stempu ya kurudishia ndani ya bahasha. Stempu nayo haikurudi.

Nilichofanya mwishowe ni kuchukua gauni kuukuu la bibi yako na kulifumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja, mpaka mkono ukatoka mzima. Nikaupiga pasi ya mkaa, nikautandaza juu ya gazeti, nikaukunja katikati kwa urefu. Kingo mbili hazikulingana. Moja iliingia ndani upana wa kidole. Nilikaa pale sakafuni nikiitazama ile tofauti ya kidole kimoja mpaka mwanga ukaisha. Kila niliyemfundisha tangu siku hiyo nimemkunjisha mkono kabla ya kumpa mkasi. Wewe ulikuwa darasa la sita. Na kwenye video yako hukuukunja, mwanangu. Dakika 42, na hukuukunja.

Ndiyo maana nauliza mwanafunzi wa kwanza ni nani. Somo lililorekodiwa halimsikii mtu. Angekuwepo mwanafunzi mbele yako, angekuuliza "hapa wapi?" kama Hamisi, nawe ungeondoa kiganja. Kamera ya milioni haitakuuliza.

Tafuta wanawake watatu. Usiwatafute mashoga zako watakaosema "vizuri sana". Tafuta wasiojua kushika mkasi. Wafungulie kundi la WhatsApp, uwatoze kidogo, hata elfu kumi, kwa sababu asiyelipa hatashona na hatauliza. Watumie somo moja kwa simu uliyonayo, waambie wakate kwenye kitambaa cha marekani, wakurudishie picha za walichokata. Watakapokosea wote mahali pamoja, hapo ndipo somo lako lilipokosea. Rekodi upya. Wakifika mwisho, gauni limeshonwa na limevaliwa, hapo una kitu cha kuuza, na una magauni matatu ya kumwonyesha mtu wa nne. Na kama hakuna hata mmoja atakayelipa elfu kumi, utakuwa umepoteza wiki mbili. Ukiikomboa ovaloki, itakuwa iko mezani, na ufunguo wa fremu uko mfukoni.

Mimi niliona masomo ya mbali yakifanya kazi kabla hujazaliwa. Mwaka 1973, nikiwa na miaka 14, kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya redioni, wiki 12. Watu karibu milioni mbili nchi nzima walisikiliza. Lakini hatukusikiliza kila mtu kwake. Tulikaa kikundi chini ya mwembe, kuna kijitabu, kuna kiongozi wa kikundi, na redio ikinyamaza yeye anauliza: sasa choo tunachimba wapi, nani analeta jembe? Vyoo vikachimbwa. Redio peke yake isingechimba shimo hata moja. Kwa hiyo usiuze video halafu ukazima simu. Weka saa mbili kwa wiki za kujibu maswali, uzitangaze, na uziheshimu kama unavyoheshimu miadi ya bibi harusi.

Hamisi hujifunza hesabu kwa video za yule Salman Khan wa Marekani, akanisimulia habari zake. Alianza 2004 kwa kumfundisha binamu yake hesabu kwa simu, kila mmoja yuko mji wake. Ndugu wengine wakataka nao. Ndipo 2006 akaanza kuweka video YouTube, sauti yake na maandishi kwenye ubao mweusi, uso wake hata haupo. Na muda wote huo alikuwa na kazi yake. Aliiacha 2009. Yeye hakuuza, alitoa bure, lakini ona alivyokwenda: binamu kwanza, kazi kuachwa mwisho. Wewe unarudisha ufunguo kabla binamu hajapatikana.

Kuhusu mahali pa kuuzia, uangalie hesabu kabla ya kufurahia jina kubwa. Hao Udemy wanaouza masomo mtandaoni, mteja akiletwa na soko lao, mwalimu anabaki na asilimia 37; akija kwa kiungo chako mwenyewe, asilimia 97. Maana yake mteja unayemleta wewe ndiye mwenye thamani. Na wateja wako wa Temeke na Mbeya wengi hawana kadi ya benki ya kulipia nje. Wana M-Pesa. Chukua Lipa Namba, uanze na hao.

Video isizidi dakika 10, bando lina bei. Kamera iwe juu ya meza, itazame mikono. Uso wako tutauona mwanzo na mwisho. Sauti kwanza, picha baadaye: kimaiki cha kubana kwenye kola kinatosha, na rekodi asubuhi dirishani, jua ni taa ya bure. Usiweke muziki wa msanii yeyote nyuma ya somo, wimbo una mwenyewe na COSOTA ya hakimiliki ipo. Kabla hujaanza kuuza, nenda TRA kuhusu kodi, kisha uulize TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, kama kazi yako inahitaji leseni. Kaulize mwenyewe, usitume mtu. Na akitokea kijana wa kukuahidi wanunuzi elfu moja, umlipe baada ya wanunuzi kuja.

Narudi kwenye ule mkopo, kwa sababu ndio unaoninyima usingizi. Kausha damu hausubiri wanafunzi waje. Unadai kila wiki, na wiki ya kwanza ya darasa lako hutakuwa na kitu. Utashusha bei kwa hofu, utaahidi usichokiweza, utarekodi haraka haraka huku kiganja kimefunika mkasi. Kama ni kweli umeuchukua na fedha bado haijatumika, irudishe kesho asubuhi. Riba ya siku hizi chache nitailipa mimi. Ninazo hela za machungwa. Baba yako sijamwambia, na sitamwambia.

Fremu usiiache. Mpigie mwenyewe leo hii.

Nimenunua meta mbili za marekani, nimezitandaza mezani, na mkasi nimeupeleka kunolewa. Rekodi upya somo la mkono, hilo tu, kwa simu yako, ulitume kwa Hamisi kabla ya Ijumaa. Nitakata kama utakavyosema, neno kwa neno, bila kuongeza ninachokijua. Atanipiga picha ya mkono nilioukata, nawe utaangalia mwenyewe kama umetoka wa kulia au wa kushoto.

Shangazi yako