Kwanza Fikisha Neno



Wengi wenu mna ndugu mjini, na siku moja mtasafiri kwenda kuwatazama. Kabla hamjafunga mizigo, nisikilizeni mimi niliyekwenda Dar es Salaam mwaka 1988, nikarudi na kila kitu kilichoandikwa katika karatasi yangu.

Baba yangu na dada yake hawakusemezana kwa miaka 9, sababu ni shamba la marehemu babu hapa Njombe. Mwaka ule baba aliugua sana, akapona, na moyo wake ukalainika. Akaniita, akasema: "Nenda kwa shangazi yako. Mwambie maneno ya shamba yamekwisha. Tena mwambie aje Krismasi tule pamoja." Akanipa kikapu cha maharage nimpelekee. Nikamwandikia shangazi barua kumjulisha siku ya kufika kwangu.

Nilipanda basi mpaka Makambako, mahali ambapo reli ya TAZARA hukutana na barabara kuu ya kwenda Zambia. Reli hiyo tulijengewa kwa msaada wa Wachina. Kazi ilianza mwaka 1970, ikafunguliwa mwaka 1976, nayo ina urefu wa kilomita 1,860 toka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Sehemu iliyowatoa wajenzi jasho zaidi ni ile ya Mlimba kupanda Makambako, yenye milima, madaraja na mahandaki mengi. Sisi tuliiteremka usiku. Kila tulipoingia handakini kelele za magurudumu zilijaa behewani, na watoto wakawashika mama zao. Kulipokucha tulikuwa katika pori la Selous, twiga wakitutazama.

Tulifika saa mbili asubuhi. Gari la kurudi lilikuwa la saa kumi alasiri, na ilinipasa kuwa stesheni saa tisa. Nilikuwa mwalimu, ruhusa yangu ilikuwa fupi, na gari jingine lilikuwa la siku nyingine kabisa. Basi nilikuwa na saa saba tu za kukaa mjini.

Sasa tazameni upumbavu wangu. Shangazi alikaa Chang'ombe, si mbali na stesheni, mwendo wa miguu tu. Nikajisemea, "Kwa kuwa ni karibu, nitakwenda kwake mwisho." Nikapanda basi kwenda Kariakoo na karatasi yangu: sufuria ya mama, kanga za mke wangu, viatu vya watoto, nyuzi za fundi cherehani. Kariakoo duka moja hukuita na la pili hukuvuta. Nilipomaliza, nikataka pia kuiona bahari. Nikaingia katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa zamani za Wajerumani, mwaka 1897 mpaka 1902, nikasali. Nilipotoka, kijana mmoja baharia akaniuliza saa. Meli yake ilikuwa bandarini kwa siku ile tu, naye alikuwa akikimbia na vifurushi mikononi. Nilimcheka. Kumbe saa niliyomwambia ilikuwa saa nane!

Basi la kurudi lilijaa na kwenda polepole. Nilipobisha hodi Chang'ombe, jirani akatoka. "Mama amekungoja tangu asubuhi. Amekupikia wali na kuku. Sasa amekwenda stesheni kukutafuta." Nikakimbia, sufuria ikinigonga mgongoni.

Nilimkuta langoni, ameshika bakuli lililofungwa kwa kitambaa. "Kamwene, mwanangu," akasema. Nikamwamkia, nikampa kikapu, nikamwambia neno la baba. Machozi yakamtoka.

"Alisema mwenyewe, au ninyi watoto mmemsemea?"

"Alisema mwenyewe, shangazi."

"Alisemaje hasa? Alikuwa ameketi wapi?"

Watu walikuwa wakinisukuma, na gari lilikuwa karibu kuondoka. Nikapokea bakuli, nikapanda, nisimjibu.

Nyumbani baba hakuitazama sufuria wala kanga. Akaniuliza, "Alisemaje?" Nikamwambia kwamba alilia. "Alilia kwa furaha au kwa uchungu?" Sikujua. Tukasema atatueleza mwenyewe Krismasi. Lakini mwezi wa Novemba shangazi aliugua ghafla, akafariki. Baba naye amekwisha kumfuata, na maswali yao wote wawili nimebaki nayo mimi.

Siku hizi mabasi ni mengi, na wengi wana simu. Hata hivyo kuna maneno yanayotaka watu wakae, wale, waulizane na kujibizana mpaka moyo utulie. Bwana wetu alitufundisha kupatana na ndugu kwanza, na sadaka baadaye. Mimi hata sadaka sikuwa nayo, nilikuwa na karatasi ya manunuzi.

Basi, ndugu msomaji, ukishuka stesheni na muda wako ni mfupi, nenda kwanza kwa mtu uliyetumwa kwake. Keti, ule chakula chake, ujibu kila atakalouliza. Saa zikibaki, ndipo ukanunue sufuria.