Kushiba Si Kunawiri

Watu husema kwamba njaa ni adui mmoja na dawa yake ni chakula. Neno hili ni kweli nusu. Kiumbe aweza kufa kwa kukosa chakula, na aweza kufa vilevile mbele ya sahani iliyojaa, kwa kuwa kinachoingia kinywani si lazima kiwe ndicho kinachoufikia mwili. Mzee mmoja wa Tunduma alifundishwa jambo hili na mtoto wa mbwa, na somo lenyewe lilikaribia kumgharimu zaidi ya mbwa.

Tunduma ni mji wa mpaka katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliogawanywa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, mji wa Zambia. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam hungoja zamu hapo, pengine kwa siku nyingi. Penye malori yaliyosimama hapakosi makombo, na penye makombo hapakosi mbwa. Mzee huyu aliitumikia reli iendayo Kapiri Mposhi mpaka akastaafu, na baada ya kustaafu hakuacha desturi yake ya kuamka alfajiri na kwenda kutazama wasafiri. Asubuhi moja ya Julai, mwezi wa baridi kali katika nyanda zile, alimkuta mtoto wa mbwa amejikunyata kando ya tairi la lori. Mama yake hakuonekana. Kwa jinsi meno yalivyoota, mzee alimkisia umri wa majuma manane. Mbavu zake zilihesabika na uti wa mgongo ulichongoka kama msumeno, walakini tumbo lilikuwa duara kama kibuyu.

Mzee alimtia ndani ya koti akaenda naye nyumbani. Mjukuu wake, msichana wa miaka kumi, alimpeleka dukani kwa jirani akampima kwa mizani ya sukari. Ilikuwa kilo mbili kasorobo. Msichana huyo, ambaye kadi yake ya kliniki ya utotoni ilikuwa ingali imehifadhiwa sandukuni, alichora kadi kama ile katika daftari la shule, majuma chini na uzito kando, akatia nukta ya kwanza. Usiku alimlaza mbwa miguuni pake, chini ya blanketi moja.

Siku za kwanza kijibwa alipewa ugali na maziwa ya ng'ombe, akaharisha. Ndipo dereva mmoja aliyekuwa akingoja zamu ya kuvuka alipotoa shauri. Alisema kwamba huko kusini alikopita, watu wenye mbwa wazuri huwapa nyama mbichi na mifupa, wala hawawapikii kitu. Shauri hilo halikuwa la kubuni. Mwaka 1993 daktari wa wanyama wa Australia, Ian Billinghurst, alitoa kitabu kiitwacho Give Your Dog a Bone, akishikilia kwamba chakula cha asili cha mbwa ni mifupa mibichi yenye nyama. Watu wengi katika nchi za mbali wamemfuata. Hoja yao ni kwamba mbwa ni jamaa wa mbwa mwitu, na mbwa mwitu hana jiko. Wanaowapinga hujibu kwamba mbwa amekaa na binadamu maelfu ya miaka akila makombo yake, na kwamba mwaka 2013 wataalamu walionyesha jinsi mwili wa mbwa ulivyojifunza kusaga wanga kuliko mwili wa mbwa mwitu.

Mzee hakuwa na habari ya mabishano hayo. Alichokuwa nacho ni huruma, na huruma hupenda njia ya mkato. Nyama ya bucha ilikuwa ghali kwa mfuko wa mstaafu, kwa hiyo alikwenda panapochinjwa ng'ombe na mbuzi, akamwomba kijana mmoja vile visivyouzwa. Alipewa vipande vya mapafu na maini vilivyotengwa kwa kuwa vilikuwa na malengelenge ya maji. Kijibwa alivipokea kwa pupa, akinguruma kama mnyama mkubwa, na nyumba nzima ikacheka. Alikula akashiba, akalala, akaamka akala tena. Hapana aliyekuwa na shaka kwamba atanenepa.

Jirani mmoja, mama wa watoto wanne, hakucheka. Alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo, Mzee. Nyama kwa mbwa, na watoto wa mtaa huu hawajaionja tangu sikukuu?"

"Marahaba, mama. Ni ya kutupwa hii," mzee akajibu. Jibu hilo lilimnyamazisha mama yule, lakini halikumridhisha, wala halikumridhisha mzee mwenyewe.

Baada ya majuma mawili ya karamu hiyo mizani ilisema kilo moja na gramu mia saba. Mstari katika daftari ulikuwa umeinama. Msichana alidhani amekosea, akapima mara ya pili, kisha mara ya tatu. Chakula kilikuwa kimeongezeka na mnyama alikuwa amepungua. Jioni ile mzee alimfunga kijibwa katika kanga, akampeleka kwa bwana mifugo.

Bwana mifugo alikuwa kijana wa umri wa mwanawe. Alimbonyeza mbwa tumbo, akamtazama fizi zilizopauka, kisha akauliza swali moja, "Mzee wangu, unamlisha nini?" Alipoelezwa habari ya malengelenge, alikaa kimya kitambo. Halafu akauliza, "Na nani analala naye?"

Alieleza mambo mawili. La kwanza, watoto wa mbwa aghalabu huzaliwa na minyoo. Mnyoo wa duara hupita kutoka kwa mama hata kumfikia mtoto angali tumboni, na humfuata tena katika maziwa. Ndiyo maana tumbo lilikuwa limejaa na mbavu zilikuwa wazi, maana aliyekuwa akila hakuwa mbwa. Kila tonge alilopewa lilikuwa na wageni waliolitangulia. La pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Malengelenge katika maini na mapafu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo yaweza kuwa ni watoto wa tegu mdogo, asiyezidi milimita chache, ambaye hukua katika utumbo wa mbwa. Mbwa mwenyewe haumwi sana. Lakini mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi, hushika manyoya, huingia mkononi, na mkononi huingia kinywani. Ndani ya mtu huwa uvimbe wa maji katika ini au pafu, nao hukua polepole kwa miaka mingi kabla haujatambuliwa. Watu wa Turkana, kaskazini ya Kenya, wanaujua ugonjwa huo kwa machungu. Mkaguzi wa nyama anapolikata ini na kulitenga, hamnyimi mbwa riziki, bali anamlinda mtoto anayecheza na mbwa.

Mzee aliinamisha kichwa. Bwana mifugo akamwambia, "Umewahi, Mzee wangu. Tegu huyu huchukua kama majuma sita kabla ya kutoa mayai." Akatoa dawa mbili, moja ya minyoo ya duara, itakayorudiwa kila baada ya majuma mawili, na ya pili ya tegu. Akaagiza kinyesi kifukiwe, mikono ioshwe kwa sabuni, na msichana alale peke yake.

Ama juu ya nyama mbichi, hakuikataa wala hakuitukuza. Alisema kwamba nyama iliyokaguliwa yaweza kupewa mbwa mbichi, ijapokuwa vijidudu vya kuharisha havikosekani, na kisu chake kisikate mboga za watu. Maini, mapafu na matumbo sharti yachemshwe. Tena nyama peke yake si chakula kamili, kwa sababu ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno, na mbwa anayekua akikosa mfupa hupindika miguu. Mfupa wenyewe usipikwe, maana uliopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo. Kipimo kiwe sehemu moja katika kumi ya uzito wa kijibwa kwa siku, kigawanywe mara nne, kianze nusu na kuongezwa taratibu, kwa kuwa tumbo lililodhoofika halihimili wingi wa ghafla.

Siku ya pili minyoo ilitoka kama tambi. Tangu siku hiyo mzee alinunua shingo za kuku, akaziponda katika kinu kilichotengwa kwa kazi hiyo, akachanganya na nyama ya bucha kidogo na ini la kuchemsha kiasi cha kidole. Chakula kilikuwa kichache kuliko kile cha karamu, lakini mstari katika daftari uliinuka. Baada ya majuma mawili ilikuwa kilo mbili na robo, na baada ya sita kilo nne na nusu. Alipotimiza miezi mitatu kijibwa alidungwa sindano ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishamtokea mtu, hapana tena dawa ya kutegemewa.

Yule mama jirani alikuja siku moja akamkuta msichana akitia nukta. Akauliza maana ya mstari ule, akaelezwa. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba kadi ya mwanawe wa mwisho ina mstari kama ule wa kwanza, uliolala, nao hakujua kuusoma, maana mtoto anakula ugali akashiba. Hakuwa peke yake. Nyanda za juu za kusini ni ghala la mahindi la Tanzania, na ni humohumo ambamo watoto wengi wamedumaa. Chungu kimejaa, lakini hakina maharage, dagaa, yai wala mboga za kutosha. Na pengine mna minyoo.

Mzee hakumpa maneno mengi. Lawama ya mama yule ilikuwa bado haijapata jibu, naye aliijua. Alimwambia tu, "Mama, kampime tena mtoto kesho kliniki, na uulize habari ya minyoo." Asubuhi yake mama alionekana akishuka barabarani na mtoto mgongoni na kadi mkononi, akipita kando ya malori yaliyongoja zamu. Mbwa alimfuata mpaka kona ya kwanza, akarudi nyumbani kula.