Mtungi Nao Huvishwa Gunia



Kila kaskazi ivumapo, baina ya Disemba na Machi, nyumbani kwetu huanza ubishi mmoja wa zamani. Mama watoto hututaka tuvae shati la mikono mirefu na helmeti kabla ya kupanda pikipiki. Nasi humjibu kwamba joto la Mombasa halimtaki mtu kujifunika. Februari iliyopita tulishinda ubishi huo, na ushindi wenyewe nusura utupokonye mwana.

Tulitoka Kisauni baada ya swala ya Adhuhuri kwenda Mtwapa kufungisha ndoa. Tulivaa fulana ya mikono mifupi, kanzu tukaikunja mkobani, helmeti tukaitundika kwenye usukani. Nyuma yetu alipanda mwana wetu wa miaka 11. Upepo ulitupiga kifuani tukaona raha. Hata jasho hatukuliona. Tulipofika Shanzu kichwa kilianza kugonga, mwili ukasisimka kana kwamba ni baridi, macho yakaingia kiwi. Ghafula tukahisi mkono mdogo ukitupiga mgongoni. "Aba! Aba! Matatu!" Pikipiki ilikuwa ikielekea ubavuni mwa matatu iliyokuwa ikitupita, nasi hatuna habari. Tuliokoka kwa rehema za Mola, si kwa ustadi wetu.

Tulisimama chini ya mwembe, alipokuwa bibi mmoja akiuza madafu. Alichota maji mtungini kwa kata, akarowesha kipande cha leso, akampa mwana atufunge shingoni. Mtungi ule ulikuwa umezungushiwa gunia bichi. Tulipomweleza kwamba tulipunguza nguo ili tupate upepo, alicheka.

"Shehe, na huu mtungi wangu mbona nimeuvika? Ungekaa mtupu juani, maji yake yangekuwa ya kuogea."

Tuliinamisha kichwa. Surat An-Nahl, aya ya 81, tumeifasiri darasani miaka mingi: Mwenyezi Mungu anahesabu miongoni mwa neema Zake mavazi yenye kutukinga na joto. Tuliisoma, tukaisomesha, kisha tukapanda pikipiki mikono mitupu.

Mtungi hupoa kwa kutoa jasho. Maji hupenya udongo, upepo huyakausha, nayo yakikauka huondoka na joto. Mwili nao ndivyo ulivyoumbwa. Lakini mpanda pikipiki asiyejifunika huchomwa na jua huku upepo wa mwendo ukimkausha jasho kabla hajaliona. Hupungukiwa na maji akidhani amepoa. Shati jepesi la pamba, jeupe, pana kiasi, lililoroweshwa na kukamuliwa, humzuilia jua na kumpoza taratibu. Likikauka, huroweshwa tena.

Enyi mama na dada zetu, wengi wenu mna waume na wana walio juu ya bodaboda kutwa nzima. Wawekeeni chupa ya maji ya ndimu yenye sukari na chumvi kidogo, wanywe kabla ya kuona kiu. Wahimizeni wapumzike kivulini jua linapokuwa utosini, na safari ndefu waziweke asubuhi au baada ya Alasiri. Helmeti isivuliwe kwa sababu ya joto. Kitambaa kibichi shingoni chatosha. Nanyi mkipanda, kusanyeni pindo za buibui na mtandio, zisinaswe na gurudumu. Kichwa kikiuma, mwili ukisisimka au kichefuchefu kikija, ni wakati wa kusimama. Mtu akianza kusema ovyo au akizimia, mlazeni kivulini, mmiminieni maji mwilini, mpepeeni, na apelekwe hospitali mara moja. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

Na katika Ramadhani? Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba Mtume (s.a.w.) alionekana akijimiminia maji kichwani hali amefunga, kwa sababu ya kiu au joto. Basi mwenye saumu asione haya kurowesha kichwa na nguo. Na anayechelea madhara ya kweli ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Dini yetu haikumtaka mja aanguke barabarani ili aonekane ana subira.

Ndoa ile tuliifungisha baada ya Alasiri, kanzu ikiwa na mikunjo na leso ya bibi bado i shingoni. Usiku tulimsimulia mama watoto yote, tusifiche hata la matatu. Alinyamaza kwa muda mrefu, akaenda kumtazama mwana alipolala. Siku ya pili tulipotaka kutoka, tulikuta shati la mikono mirefu limeroweshwa na kukamuliwa, limewekwa juu ya helmeti. Tulilivaa pasi na neno.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wana wetu walio barabarani, na atujaalie tuyatende tuyasomeshayo. Amin.