Mkeka, Nia na Mizani: Biashara Yetu ya Kufundisha Yoga



Tangu tuanze kufundisha yoga kwa wanawake hapa kusini ya Unguja, maswali mawili hayatuishi mlangoni. La kwanza: "Hivi hiyo si ibada ya Wahindu?" La pili huulizwa kwa sauti ya chini: "Na inalipa?" Leo tunayajibu yote mawili pamoja, maana kwetu yamefungamana.

Tulianza na migongo

Wanafunzi wetu wengi ni wakulima wa mwani. Kilimo hiki kilishika pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo wanaokibeba zaidi ni wanawake. Anayekijua hahitaji kuelezwa. Maji yakitoka unainama kufunga mbegu kwenye kamba, unainama tena kuvuna, kisha unabeba gunia linalochuruzika hadi nchi kavu. Nyumbani zinakungoja ndoo, kuni na mtoto wa mgongoni.

Mama zetu wametulea kwa kazi hiyo. Tumewaona wakiinuka kutoka kwenye sijda kwa kushika ukuta, na wengine wakihamia kusali juu ya kiti. Tulipopata mafunzo ya yoga, wao ndio waliotujia akilini kabla ya mtalii yeyote. Hiyo ndiyo nia yetu, na kila tunapobishana kuhusu biashara hii huwa tunairudia.

Tulichochukua na tulichoacha

Swali la ibada si la kupuuza. Yoga asili yake ni India, na ndani yake mna mambo ya dini ya Kihindu. Wanazuoni wamelizungumza. Mwaka 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga iliyochanganywa na ibada za Kihindu. Mwanzoni mwa 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia nalo likakataza ile yenye nyimbo na ibada, lakini likaachia ya mazoezi ya mwili tu. Saudi Arabia, mwaka 2017, iliitambua yoga kuwa shughuli ya michezo.

Sisi tulikwenda kwa mwalimu wetu wa chuoni, bibi aliyetusomesha tangu utotoni. Tukayafanya mazoezi mbele yake, moja baada ya jingine, naye akauliza kila moja linaitwaje na lina maana gani. Kutokana na mazungumzo yale tukaweka mipaka. Hatuimbi "om". Hatuunganishi viganja kifuani kusalimiana. Ule mfululizo maarufu unaoitwa salamu kwa jua tumeuacha, ingawa ni mazoezi mazuri, kwa sababu hatutaki mama arudi nyumbani aseme amelisalimu jua. Tunaanza kwa bismillahi, tunapumua taratibu, tunanyoosha mgongo, nyonga na mabega, na tunamaliza kwa kulala chali kimya.

Na wewe ambaye mwanachuoni wako amekwambia uache kabisa, usije kwetu kwa kutuonea haya. Fuata lile ambalo moyo wako umetulia nalo. Tutabaki ndugu.

Ratiba yetu hufuata maji na adhana

Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hutoka mbali na wanawake wote huwa pwani. Siku hizo hatufundishi. Tunafundisha siku za maji mafu, baada ya sala ya alasiri, na tunamaliza mapema ili kila mtu afike kwake kabla ya magharibi. Mtu wa biashara za mjini ataicheka ratiba ya namna hii, lakini ndiyo inayojaza chumba chetu.

Chumba ni cha wanawake watupu. Mapazia yameshushwa, simu zinabaki kwenye kikapu mlangoni, na mtu anavua buibui lake kwa amani. Mjamzito hatumlazi kifudifudi. Mwenye ganzi au maumivu yanayoshuka mguuni tunamwambia aende hospitali kwanza, kwani sisi si madaktari.

Na inalipa?

Mwaka wetu wa pili hoteli moja ilitutaka. Kazi ilikuwa kila siku jioni, ufukweni, wageni wanaume na wanawake pamoja, na picha zetu kwenye matangazo. Malipo yalikuwa mara tatu ya tunachopata. Wakati huo mmoja wetu alikuwa anadaiwa ada ya mtoto. Tulikaa siku tatu, tukasali istikhara, tukahesabu kwa kalamu. Jioni ndiyo saa ya mama zetu, kwa hiyo kukubali kulikuwa na maana ya kufunga chumba. Tukawarudia na pendekezo letu: asubuhi, wageni wanawake tu, bila picha. Wakakataa. Ada ililipwa kwa kuuza bangili ya harusi.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizito, hatutawaficha. Kisha wageni wanawake wakaanza kuja wenyewe, kwa kuambizana. Sasa mgeni analipa shilingi 30,000, mama wa kijijini 2,000, na asiyekuwa nayo anaingia. Bei zote mbili zimebandikwa ukutani, na mgeni anaambiwa wazi kwamba fedha yake inamsaidia mwanamke aliye mkeka wa pili. Hakuna aliyewahi kununa. Sura ya al-Mutaffifin inatutisha sisi wenye kuuza: tukiahidi saa nzima, tunafundisha saa nzima.

Hatukukopa kwa riba. Mikeka ya mpira tuliinunua kwa fedha za upatu, michache michache, na kabla haijatosha tulitumia majamvi. Kila mwaka tunahesabu akiba, na ikifika nisabu tunatoa zaka yake, asilimia 2.5.

Hatujatajirika. Tunalipa kodi ya chumba, tunajilipa, na watoto wanasoma.

Dada unayetaka kuanza biashara yako, iwe ya yoga, ushoni au keki, andika mapema mambo matatu ambayo hutayauza. Yaandike kabla hujapigiwa simu ya fedha nyingi, kwa sababu siku hiyo kichwa hakitulii. Kisha mwonyeshe mtu anayemcha Mungu na asiyekuogopa.

Allah atupe riziki ya halali, aibariki hata ikiwa ndogo, na awape mama zetu migongo ya kuinuka katika sijda bila kushika ukuta. Amin.