Medali ni risiti, wacha tudai

Wazee, leo sina kichekesho. Leo nataka tuongee kuhusu medali, na sio za Kipchoge. Naongelea medali ya vita, ile yenye utepe ambayo mzee akiivaa kifuani hata makanga anapunguza kelele.

Najua kuna mtu ashaanza kusema, "Medali ya mkoloni ya nini saa hii na unga umepanda?" Ngoja kidogo ndugu yangu, nitafika hapo.

Tuanze na ya juzi. Tarehe 1 Novemba 2023, Mfalme Charles wa Uingereza alikuwa Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Kariokor. Pale aliwapa medali wazee wanne Wakenya waliopigana Vita vya Pili vya Dunia. Mmoja wao, Koplo Samwel Nthigai Mburia, ilisemekana ana miaka 117. Zilikuwa medali za kuchukua nafasi ya zile za zamani. Za kwanza ziliharibiwa au kutupwa miaka ya Mau Mau, manake kukutwa na kitu cha jeshi la Mwingereza wakati ule kungekuponza. Kesho yake mfalme akawa huku kwetu, kambi ya wanamaji ya Mtongwe, anaonyeshwa vile wanajeshi wetu wanavamia ufuo. Mtongwe na Timbwani ni pua na mdomo, kwa hiyo habari hiyo ilitufikia kabla ya gazeti.

Mtandaoni watu walicheka, wengine wakakasirika. Na hasira ilikuwa na msingi. Mfalme alisema ana huzuni na majuto makubwa kwa maovu yaliyotendwa Kenya, lakini neno lenyewe la kuomba msamaha halikutoka. Kwa hiyo nikisema tudai medali, sisemi tusahau hayo.

Sasa kuna bibi mmoja hapa mtaani, jirani yetu. Babake alikuwa keya. Kama hujawahi kusikia neno hilo, keya ni askari wa KAR, King's African Rifles, jeshi ambalo Waingereza waliliunda mwaka 1902 kwa kuandika Waafrika wa pande hizi. Babake Bibi alitoka Kwale, akapelekwa Burma, akarudi kwenye minazi yake, akafa mzee. Aliacha koti zito la jeshi na hadithi nyingi. Mwaka huu Bibi aliniita nikiwa napita.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe si ndiye yule wa kuandika andika kwa simu?"

"Ndiye mimi."

"Basi niandikie barua kwa Wazungu. Nataka nishani ya babangu kabla sijafa."

Nikamuuliza kama ni fidia anatafuta. Akanifyonza. "Pesa ntaifanyia nini na miaka hii? Nataka hawa wajukuu wajue sikuwadanganya."

Wajukuu wenyewe wakisikia stori ya Burma wanaangaliana na kucheka. Burma wapi, na babu yetu hata kuvuka feri alikuwa hapendi? Kwenye kitabu cha historia cha shule hamna jina lake. Hiyo ndiyo shida yake Bibi. Ana ukweli usiokuwa na karatasi.

Na ukweli wenyewe ni mkubwa. Karibu Wakenya laki moja walihudumu kwenye vita ile. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, mvua inanyesha, tope, malaria, Wajapani mbele. Kabla ya hapo makeya walipigana Ethiopia na Somalia na Waitaliano.

Halafu kuna meli inaitwa Khedive Ismail. Hii kila kijana wa Likoni angepaswa kuijua, manake iliondoka hapa hapa Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 ikielekea Colombo. Ilibeba watu zaidi ya 1,500. Karibu 1,000 walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa 1,297. Ndugu zangu, tunavuka mlango wa bandari ile kila siku tukiangalia simu, na hakuna aliyetuambia.

Turudi kwa medali. Vita vilipoisha, Uingereza haikumletea kila askari wake medali nyumbani. Hata askari Mwingereza wa jeshi la nchi kavu alitakiwa aombe mwenyewe, na medali za vita hivyo zilitolewa bila kuchongwa jina. Sasa fikiria mtu wa Kwale ambaye hajasoma, amerudi kijijini, posta iko mbali. Aombe vipi? Na aliyebahatika kupata, ikiibiwa au ikiuzwa kwa sonara, atathibitisha vipi kuwa ilikuwa yake?

Usifikirie pia kwamba walilipwa vizuri kwa hiyo medali haikuwa na maana. Mwaka 2019 mwandishi Jack Losh alitoa taarifa kwenye Al Jazeera kuhusu malipo ya kuachiliwa jeshini. Yalipangwa kwa rangi ya ngozi. Mzungu alipata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Mmoja wa waliohojiwa alikuwa mzee Eusebio Mbiuki, aliyepigana Burma na akarudi kuishi kwa taabu.

Kwenye Vita vya Kwanza ilikuwa mbaya zaidi. Wapagazi waliobeba risasi na chakula kwa vichwa walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariokor kule Nairobi na Kariakoo ya Dar linatokana na wao, Carrier Corps. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwenye ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Siku ukipita Jomo Kenyatta Avenue kisiwani, tazama yale masanamu ya askari. Yalisimamishwa mwaka 1927. Ndugu yake ya Nairobi ina maandishi yanayoahidi kwamba ukifa vitani, wanao watalikumbuka jina lako. Jina lipi, na halikuandikwa?

Sasa nimfikie yule wa "medali ya mkoloni ya nini".

Mimi naona hivi. Medali ni risiti. Ukifanya kazi kwa mtu mbaya, ubaya wake haufuti kazi yako. Kwanza ndiyo unadai risiti zaidi, ili kesho asikuruke. Babake Bibi hakuitengeneza himaya ya Uingereza. Wengine waliandikishwa kwa nguvu, wengine kwa ahadi, wengine kwa sababu kodi ilikuwa inawasubiri mlangoni. Tukisema "achaneni na medali za mkoloni", tunadhani tunamkomoa mkoloni. Kumbe tunamsaidia. Asiyedaiwa hulala usingizi mzuri.

Na hili la karatasi mimi nalijua kwa mwili wangu. Nilikaa chuo miaka miwili, karo ikaisha, nikatoka. Kila nilichosoma bado kiko kichwani, lakini nikienda kuomba kazi naulizwa cheti. Sina. Kwa hiyo kwao sikusoma. Miaka miwili inapigwa deki kama sakafu. Sasa zidisha hiyo mara mia, weka risasi na maiti za marafiki ndani yake, ndiyo uelewe kwa nini bibi wa miaka sabini na kitu anataka kipande cha shaba.

Tumeanza safari hiyo. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza inapokea maombi ya medali hata kutoka kwa jamaa wa marehemu. Lakini unatakiwa useme jina, kikosi, namba ya jeshi, na uonyeshe kwamba wewe ndiye mrithi. Bibi alizaliwa nyumbani kwa mkunga, cheti cha kuzaliwa alikipata ukubwani. Babake alizikwa siku ile ile aliyokufa kama ilivyo desturi yetu, cheti cha kifo hakuna aliyekikumbuka. Ofisi moja mjini tumekwenda mara mbili, Bibi na mkongojo wake ndani ya feri, na mara zote tumeambiwa turudi wiki ijayo. Namba ya jeshi tuliipata kwa bahati. Bibi alikuwa anaimba tarakimu fulani tangu utotoni, babake alizoea kuwachekesha nazo akipiga saluti. Nikazirekodi kwa simu. Barua pepe imekwenda, jibu bado.

Kazi nyingine ni ya serikali yetu, sio ya London. KAR ndiyo iliyogeuka Kenya Rifles mwaka 1963. Karatasi zozote za makeya zilizobaki kwenye makabati ya hapa nyumbani zipigwe picha, ziwekwe mahali ambapo mjukuu wa Kwale anaweza kutafuta jina la babu yake bila kumlipa mtu chai. Mkenya asiombe Mwingereza amthibitishie kitu ambacho pengine kimelala Nairobi.

Na kazi ya mwisho ni yetu sisi wenye simu. Wiki hii, nenda kwa mzee mmoja wa kwenu. Muulize nani alikuwa keya, nani alibebeshwa mizigo, nani alipanda meli asirudi. Uliza jina kamili, kijiji, kikosi, namba kama ipo. Rekodi sauti yake, andika tarehe. Bando la shilingi ishirini linatosha kuituma kwa ndugu zako wote. Usingoje matanga ndiyo uanze kuuliza, manake wanaojua wanaondoka kila Ijumaa tunawasindikiza.

Bibi anaendelea kuimba ile namba. Wajukuu siku hizi wanaiitikia.