Jirani Anachimba Msingi, Wewe Umenyamaza

Picha aliyonitumia mdogo wangu Jumapili nimeifungua, nimeifunga, nimeifungua tena, na hasira bado haijashuka. Tofali za inchi sita zimepanda hadi usawa wa renta nyuma ya chumba cha mama, Kimara, Dar es Salaam. Kati ya ukuta ule na dirisha lake, mtoto wa darasa la pili hapiti ila kwa ubavu. Jirani anajenga fremu tatu za kupangisha. Mbele zinatazama barabara, mgongo amempa mama. Dirisha ambalo baba aliliweka upande huo makusudi ili chumba kipate jua la asubuhi sasa linatazama tofali tupu, na mama anawasha taa saa sita mchana.

Naandika haya nikiwa Reading, England, kwenye nyumba iliyoshikana na ya jirani kwa ukuta mmoja wa kati, kama zilivyo nyumba za mtaa huu mzima. Na huku nako jirani anajenga. Anataka kusogeza jiko lake nyuma kuelekea bustani. Kabla hajagusa koleo niliandikiwa barua: msingi utachimbwa wapi, utakwenda chini kiasi gani, kazi itaanza lini, na mchoro umeambatishwa. England na Wales kuna sheria ya mwaka 1996 ya kuta za mpakani, na inamtaka mtu anayechimba ndani ya mita 3 kutoka jengo la mwenzake, akishuka chini kuliko msingi wa mwenzake, atoe taarifa ya maandishi mwezi mmoja kabla. Ukuta wenyewe wa kati akitaka kuugusa, taarifa ni miezi miwili.

Kilichonigusa zaidi ni kifungu cha majibu. Unapewa siku 14. Ukikubali, unaandika umekubali. Ukinyamaza, sheria inahesabu kwamba hujakubali, na hapo wanateuliwa wakaguzi wa majengo wa kuamua kazi ifanyikeje ili nyumba yako isidhurike. Gharama kwa kawaida ni za anayejenga. Nilikisoma kifungu hicho mara mbili, nikamkumbuka mama na ukimya wake wa miaka yote. Huku mjane asiyejua aandike nini, mzee aliyelazwa hospitali, mtu aliyesafiri, wote ukimya wao unawalinda. Kwetu ukimya ndio kibali. Umenyamaza wakati wa kumwaga zege? Basi umeridhia, sasa unalalamika nini, tofali zimeshapanda.

Mimi nilijibu kwamba nataka mkaguzi. Akaja Ijumaa, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akapiga magoti chini ya ngazi na tochi mdomoni. Alipiga picha kila ufa. Alikuwa na kadi ndogo ya plastiki yenye mistari ya unene tofauti. Anaibandika juu ya ufa, analinganisha, anaandika: ufa, kona ya dirisha, nusu milimita. Rangi iliyobanduka nyuma ya mlango wa choo nayo aliiandika. Sababu ni kwamba jirani akishaanza kuchimba, ufa mpya ujulikane ni mpya na wa zamani ubaki wa zamani, pasiwe na ubishi. Nilimwandalia chai huku nikifikiria lipu ya mama inayovimba, maana bati la banda la kuku la jirani yake huyohuyo wa Kimara limekuwa likimwaga maji ukutani kwake kwa masika kadhaa. Nani aliupiga picha ukuta ule kabla haujalowa? Hakuna. Leo jirani anasema nyumba imechoka tu, ni ya zamani.

Sitaki mtu anielewe kwamba huku mipaka ni safi kama maji. Ile ramani ya umiliki yenye mstari mwekundu, kwa nyumba nyingi, haioneshi mpaka kwa uhakika. Inaonesha kwa jumla tu. Mijini huchorwa kwa kipimo cha 1:1250, maana yake mstari wenye unene wa milimita 1 kwenye karatasi unafunika mita moja na robo ardhini. Watu wanaburuzana mahakamani kwa upana wa ua wa maua. Kiwanja kilichopimwa Tanzania kina bikoni ya zege yenye namba, kila kona ina vipimo vyake, na mpima akirudi baada ya miaka 30 anaweza kuionesha ilipokuwa hata kama kuna mtu aliing'oa usiku. Kwa hilo tumewazidi. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya Dar es Salaam watu walijenga kwanza, upimaji ukawafuata.

Na hapo ndipo lilipo jambo la fremu hizi, jambo ambalo mdogo wangu aliligundua kabla yangu. Baba alinunua eneo lile kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri serikali ya mtaa: kaskazini limepakana na fulani, kusini njia, mashariki mwembe. Mwembe ulishakatwa. Sasa mtaani kumetangazwa urasimishaji, wapima watapita, kila mtu atatengenezewa ramani yake. Na kila mtu anajua wapima wa urasimishaji wanachora kwa kufuata walichokikuta kimesimama. Wakikuta ukuta, ukuta ndio mpaka. Kwa hiyo jirani hana haja ya kunyang'anya kwa maneno wala kughushi karatasi. Anahitaji mafundi wawili na wiki tatu. Fremu zile si biashara tu, ni bikoni. Nikilifikiria hilo usingizi unaniruka.

Nilimpigia mama. Nilikuwa nimejiandaa na vifungu. Nikamwambia kuna Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha na si kuhukumu. Wasipopatana ndani ya siku 30, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na baraza la wilaya linaweza kuombwa amri ya kusimamisha ujenzi. Nikamwambia pia asiache miaka ipite, maana kudai ardhi kwetu kuna ukomo wa miaka 12. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, yule ndiye aliyeshika kichwa cha jeneza la baba yako. Usiku ule wewe hukuwepo, ndege yako ilikuwa haijatua. Nimpeleke barazani nimwite mdaiwa?"

Sikuwa na jibu, na sidhani kama lipo kwenye sheria yoyote ya huku. Jirani yangu wa Reading hajaingia kwangu wala mimi kwake. Akifa leo nitajua kwa kuona gari la mazishi. Barua inawezekana kirahisi kati ya watu wasiozikana. Mama hawezi kuandika "tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu" kwa mtu anayeazima chumvi kwake. Lakini nakataa, na nitaendelea kukataa, kwamba kwa kuwa mtu alitubebea jeneza basi anaweza kumziba mama jua. Kama wema ule ulikuwa na bei, angeitaja siku ileile ya mazishi tukamlipa.

Wapo watakaoniambia nimeanza kuwa Mzungu, nataka kila kitu karatasi. Nimekulia kwenye likizo za Marangu, kwenye kihamba cha babu, na kule hakukuwa na karatasi. Mpaka ulikuwa ni masale, mmea uleule ambao Mchaga akikosa humpelekea mwenzake jani lake kuomba radhi. Hakuna aliyethubutu kung'oa sale. Mwaka mmoja jirani wa babu alianza kusimika nguzo za zizi zikaingia upande wetu. Nguzo zilikuwa nne, hazina hata fito. Jioni ileile wazee walikuwa wamekwishafika, wanatembea kutoka sale hadi sale wakiangalia mstari, na asubuhi nguzo zilihamishwa. Pombe ya mbege ilinywewa baadaye, na yule mzee aliendelea kuwa mtu wetu hadi alipofariki. Babu hakusubiri zizi liezekwe ndipo aseme. Alisema wakati nguzo bado zinatikisika, na hakuna aliyemwona mtovu wa adabu kwa kusema mapema.

Kimara hakuna masale, na mjumbe wetu anasema yeye anajenga amani, hataki kuonekana ana upande. Alipita kwenye msingi ule wakati unachimbwa. Alisalimia, akapita. Huyo ndiye ninayemlaumu kuliko hata jirani, kwa sababu kazi ya kutembea mtaani ni yake, na wakati wa kupima umbali kwa hatua ulikuwa ule, mtaro ukiwa wazi. Kuhamisha mtaro ni kazi ya siku moja. Kuhamisha fremu tatu zenye renta ni ugomvi wa miaka.

Tumekubaliana hivi. Mdogo wangu ameshapiga picha pande zote za nyumba, ndani na nje, na amewasha tarehe kwenye simu. Nilimwomba aweke rula kando ya kila ufa. Nakala ya karatasi ya mauziano imetolewa na kupelekwa ofisi ya serikali ya mtaa pamoja na barua ya kuomba wapima wasichore upande ule mpaka shauri lisikilizwe. Mama amekubali kutia saini kwa sharti moja: kabla barua haijamfikia jirani, yeye mwenyewe aende kwake kwanza, amwambie kwa mdomo. Amesema hatadai abomoe fremu zote. Anadai ukuta wa nyuma wa fremu urudi ndani hatua tatu, nafasi ya ngazi, ya fundi kupiga lipu na ya maji ya bati kupita, na dirisha lake lipate mwanga. Kesho baada ya misa atavaa kitenge chake na kwenda. Mdogo wangu atamsindikiza, na simu itakuwa wazi nisikie.