Baraza la ukoo liko sebuleni kwangu



Mnakumbuka Yahoo Messenger? Ilipofungwa tarehe 17 Julai 2018 hatukubakiwa na hata mstari mmoja wa soga za marehemu Baba Mdogo. Sasa nimeamua tuwe na yetu. Nimeweka Openfire, programu ya bure, kwenye kompyuta yangu ya mezani yenye Windows. Kuiweka ni dakika chache: unaishusha, unafungua kivinjari kwenye poti 9090, unachagua hifadhidata iliyomo humo humo, unaweka nywila, basi. Nilikesha kwenye ruta, kufungua poti 5222 ili nyie wa Tanga mfike.

Shangazi ameshauliza, meseji zetu nani atazisoma? Kusema kweli mwenye seva anaweza, yaani mimi! Kwa hiyo kwenye simu wekeni Conversations na muwashe OMEMO, hapo hata mimi naona mafumbo matupu. Ila kumbukumbu zitabaki kwenye simu zenu, zitunzeni. Na umeme ukikatika kwangu, baraza limefungwa.

Nywila nitawapa kwa kupiga simu. Shangazi, naanza na wewe.